Cheni, mkanda au shafti: Hesabu ya pikipiki iko barabarani, si dukani

KWA mtu anayeweka fedha zake katika pikipiki ya biashara, injini ndiyo hutazamwa kwanza, kisha tairi, kisha bei. Kifaa kinachochukua nguvu ya injini na kuifikisha kwenye gurudumu la nyuma hakiulizwi mpaka siku kinapokatika njiani, abiria akiwa juu.

Siku hiyo mwenye mali hupata hasara mara tatu. Analipa kipuri, analipa fundi, na anakosa mapato ya siku nzima. Na ikiwa cheni iliyokatika imejikunja kwenye sproketi ya mbele, inaweza kupasua ganda la injini. Hapo kipuri cha bei ndogo kinageuka kuwa matengenezo makubwa.

Pikipiki za kisasa hufikisha nguvu nyuma kwa njia tatu: cheni, mkanda wenye meno, na shafti. Kila njia ina bei yake, uhai wake na adui wake. Mnunuzi anayetazama bei ya dukani peke yake huchukua cheni bila kufikiri. Anayepiga hesabu ya kila kilomita anaweza naye kuchukua cheni, lakini ataichukua kwa sababu nyingine na ataitunza kwa namna nyingine.

Njia tatu, umri mkubwa

Hakuna hata moja kati ya njia hizi iliyo ngeni. Cheni ya rola, ambayo ndiyo mama wa cheni zote za pikipiki, ilipatiwa hataza mwaka 1880 na Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa na kiwanda mjini Manchester, Uingereza.

Shafti nayo ni ya zamani. Kampuni ya FN ya Ubelgiji ilitoa pikipiki ya silinda nne yenye shafti mwaka 1905. BMW ya Ujerumani iliifuata njia hiyo katika pikipiki yake ya kwanza, R 32, mwaka 1923, na haijaiacha hadi leo.

Mkanda ulitangulia katika pikipiki nyingi za mwanzo, lakini ulikuwa wa ngozi au mpira usio na meno. Mvua ikinyesha uliteleza, na mlima ukiwa mkali ulishindwa. Cheni ikauondoa sokoni.

Mkanda ulirudi ukiwa kitu kingine kabisa. Mwaka 1980 Harley-Davidson ya Marekani ilitoa toleo lililoitwa Sturgis, likitumia mikanda yenye meno ambayo ndani yake mna nyuzi imara za kuzuia mvutano. Mkanda wa namna hiyo hautelezi, kwa kuwa meno yake yanaingia katika meno ya puli kama cheni inavyoingia katika sproketi.

Kampuni moja, njia zote tatu

Anayetaka kujua njia ipi ni bora atapata jibu la kibiashara kwa kuitazama BMW. Kampuni hiyo ilijulikana kwa shafti miaka mingi, lakini leo hutumia njia zote tatu, na kila moja imewekwa mahali inapolipa.

Pikipiki zake kubwa za safari, hadi R 1300 GS iliyotolewa mwaka 2023, zina shafti. Mwendeshaji wa pikipiki hizo huvuka nchi na mizigo, hataki kutia oili kila jioni, na bei ya ununuzi si kikwazo kwake.

Pikipiki yake ya mashindano, S 1000 RR, iliyoingia sokoni mwaka 2009, ina cheni. Sababu yake ni kwamba cheni ni nyepesi, inapoteza nguvu kidogo, na sproketi hubadilishwa upesi kulingana na uwanja. Pikipiki yake ndogo, G 310 R, iliyotengenezwa India na TVS, jina ambalo waendesha bodaboda wengi wa Afrika Mashariki wanalifahamu, nayo ina cheni. Hapo sababu ni bei.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa familia ya F 800. Mwaka 2006 matoleo ya lami, F 800 S na F 800 ST, yalitoka na mkanda. Mwaka 2008 likaja F 800 GS, toleo la njia mbaya, likiwa na injini ya familia ileile ya silinda mbili. Hilo likapewa cheni.

Injini ilikuwa ya ukoo mmoja na mtengenezaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni barabara. Mkanda ulifaa kwenye lami. Kwenye kokoto na matope kampuni ilirudi kwenye cheni. Mfanyabiashara anayefikiria kuagiza pikipiki za mkanda kwa barabara za changarawe hana budi kuupima uamuzi huo.

Cheni: Bei ndogo, ulaji mkubwa

Cheni inatawala biashara ya bodaboda, na si kwa bahati. Ni rahisi kutengeneza, inakatwa na kuungwa kwa urefu unaotakiwa, na fundi aliye chini ya mti akiwa na spana chache anaweza kuibadilisha kwa muda mfupi. Ikiwa safi na imenyooka, inapoteza sehemu ndogo tu ya nguvu ya injini.

Aidha, cheni inampa mwenye pikipiki uhuru ambao mkanda na shafti hazimpi. Chukuliwe pikipiki yenye meno 15 mbele na 45 nyuma. Uwiano wake ni 3. Akiweka sproketi ya mbele yenye meno 14, uwiano unakuwa 3.21, yaani nguvu ya kuvuta inaongezeka kwa takriban asilimia 7, na kasi inapungua kwa kiasi kama hicho. Kwa anayebeba magunia katika milima ya Lushoto au Kisii, badiliko hilo la kipuri kimoja kidogo linatosha kumwondolea injini mateso.

Kasoro ya cheni ni kwamba inaliwa. Watu husema cheni imevutika, lakini chuma chake hakivutiki kama mpira. Kinacholiwa ni pini na bushi ndani ya kila pingili.

Cheni nyingi za pikipiki za biashara ni za kipimo 428. Umbali kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7, yaani nusu inchi. Cheni ya pingili 120 ina urefu wa milimita 1,524. Kila pingili ikilika sehemu moja ya kumi ya milimita tu, cheni nzima inarefuka kwa milimita 12. Ndiyo maana inalegea ghafla machoni pa mwendeshaji, ingawa imekuwa ikiliwa tangu siku ya kwanza.

Adui mkubwa ni mchanga uliochanganyika na mafuta. Vumbi likiingia kwenye oili chafu iliyotolewa injini, ambayo wengi huimwaga juu ya cheni kwa kuona ni ya bure, mchanganyiko huo unafanya kazi ya msasa. Kila mzunguko unasaga pini.

Zipo cheni zenye oringi, ambazo grisi imefungiwa ndani ya kila pingili tangu kiwandani na vijipete vya mpira vinazuia vumbi kuingia. Hizo ni ghali zaidi, na hudumu muda mrefu kuliko za kawaida zikitunzwa. Hata hivyo zinataka kuoshwa kwa mafuta ya taa na kitambaa au brashi laini. Petroli na brashi ya waya huharibu oringi, na oringi ikishakufa, grisi inatoka na fedha ya ziada iliyolipwa imepotea.

Usipoziba ufa: Hesabu ya mfano

Ili jambo hili lieleweke, ufuatao ni mfano wa hesabu. Bei na umbali uliotajwa ni wa mfano tu. Kila mfanyabiashara aweke tarakimu za duka lake na za barabara yake.

Pikipiki inayokwenda kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, inatimiza kilomita 3,120 kwa mwezi na kilomita 37,440 kwa mwaka.

Ikiwa seti ya kawaida, yaani cheni na sproketi mbili, inauzwa Sh 30,000 na inakwenda kilomita 9,000, mwaka mzima utahitaji seti 4.16, sawa na Sh 124,800.

Ikiwa seti bora inauzwa Sh 54,000 na inakwenda kilomita 18,000, mwaka utahitaji seti 2.08, sawa na Sh 112,320. Seti iliyoonekana ghali dukani imeokoa Sh 12,480, mbali na fundi ambaye analipwa mara mbili badala ya mara nne.

Sasa ikiwa seti ile ya kawaida haikutiwa oili wala kukazwa, na ikafa kwa kilomita 4,500 badala ya 9,000, mwaka utahitaji seti 8.32. Gharama inapanda hadi Sh 249,600.

Katika mfano huu, tofauti kati ya bidhaa mbili ni Sh 12,480, wakati tofauti kati ya kutunza na kutotunza ni Sh 124,800, mara kumi zaidi. Tarakimu zikibadilishwa jibu litabadilika, lakini kwa kawaida upande wa utunzaji ndio utakaobaki mzito.

Nani anatia oili, nani analipa seti?

Hapa ndipo biashara ya bodaboda ina tatizo lake hasa. Pikipiki nyingi haziendeshwi na mwenye mali. Ziko za hesabu ya siku, ambapo dereva hupeleka kiasi walichokubaliana na kinachozidi ni chake. Ziko za mkataba, ambapo dereva hulipa kidogo kidogo mpaka pikipiki inakuwa yake.

Katika hesabu ya siku, mara nyingi mafuta, pancha na oili ya cheni hubaki mfukoni mwa dereva, na vipuri vikubwa humwangukia mwenye mali. Maana yake ni kwamba anayetakiwa kutoa fedha ndogo ya kutunza si yule anayepata hasara ikiachwa. Dereva asiyetia oili ameokoa fedha ya chai leo, na mwenye mali atanunua seti mwezi ujao.

Katika mkataba hali ni tofauti kidogo. Dereva ana sababu ya kuitunza, kwa kuwa itakuwa yake. Lakini fedha taslimu ni adimu kwake, hivyo seti ikifa hununua ya bei ya chini kabisa, au hubadilisha cheni peke yake na kuziacha sproketi zilizoliwa.

Kuacha sproketi za zamani ni kosa linalorudiwa sana. Cheni mpya ikiwekwa kwenye meno yaliyochongoka kama mapezi ya papa, nayo huchakaa upesi mpaka ifanane na meno hayo. Vitu vitatu hivyo hununuliwa pamoja na hufa pamoja.

Wenye mali wanaojua hesabu huchukua oili ya cheni kuwa gharama yao wenyewe. Wananunua kopo, wanampa dereva, na siku ya kupokea hesabu wanaitazama cheni kabla ya kuhesabu noti. Gharama ya kopo ni ndogo kuliko mabishano ya baadaye.

Kava ambayo hung'olewa

Kuna njia ya nne ambayo haisemwi sana, nayo ni cheni iliyofungiwa ndani ya kava kamili. Honda iliitumia katika Super Cub tangu mwaka 1958, pikipiki ambayo ilitimiza uzalishaji wa vyombo milioni 100 mwaka 2017. CG125 ya mwaka 1976, ambayo baadaye iliigwa na viwanda vingi vya China, nayo ilikuja na cheni iliyofungiwa. Yamaha AG100, pikipiki ya mashamba inayofahamika katika kazi za vijijini, vilevile.

Kava hiyo haiigeuzi cheni kuwa kitu kingine. Inazuia tu vumbi, matope na maji, na inaibakisha oili mahali pake. Kwa bei ya bati au plastiki, inapunguza pengo kati ya cheni na shafti.

Pamoja na hayo, kava nyingi hung'olewa katika miezi ya kwanza. Zikilegea hupiga kelele, na zinamchelewesha fundi anayekaza cheni au kuziba pancha. Mwenye mali anayeruhusu ing'olewe ajue kwamba ameondoa kinga ambayo tayari ameilipia.

Mkanda: Safi, kimya, lakini hauungwi

Mkanda hauhitaji oili. Hauchafui suruali, haupigi kelele, na ni mwepesi. Ukiwa kwenye lami unaweza kwenda makumi ya maelfu ya kilomita. Kwa F 800 zilizotajwa, ratiba ya matengenezo ilitaka mkanda ubadilishwe kila kilomita 40,000. Kwa pikipiki ya matembezi ya Ulaya, huo ni umri wa miaka kadhaa. Kwa bodaboda ya mfano wa hapo juu, ni mwaka mmoja na kidogo.

Kasoro zake zinagusa moja kwa moja mazingira ya barabara zisizo na lami. Jiwe dogo likiingia kati ya mkanda na puli linaweza kuutoboa na kukata nyuzi za ndani. Mkanda uliokunjwa vibaya kabla ya kufungwa, hata ukiwa mpya, unaweza kuwa umeharibika kwa ndani bila kuonekana.

Tena mkanda hauungwi. Ni duara moja zima, na katika pikipiki nyingi fundi lazima afungue sehemu za nyuma ili kuupitisha. Cheni iliyokatika njiani huunganishwa kwa pingili moja ya akiba. Mkanda uliokatika humaanisha kupakia pikipiki kwenye gari.

Uwiano nao haubadiliki kirahisi. Puli ikibadilishwa, urefu wa mkanda nao hubadilika, na mkanda wa urefu huo huenda haupo.

Wanunuzi wasichanganye mkanda huu na ule wa skuta. Skuta nyingi zina mkanda, lakini ule uko ndani ya mfumo wa gia zinazojibadilisha zenyewe, na nguvu hufika gurudumuni kwa gia ndogo za mwisho. Muuzaji anayesema skuta yake ina "mkanda kama wa Harley" anauza maneno.

Shafti: Ghali mara moja, au mara mbili

Shafti ya pikipiki ni ndugu wa propela shafti ya lori. Imefungwa ndani ya mkono wa nyuma wa chuma, na mwishoni kuna gia mbili zinazokutana kwa pembe ili kuigeuza nguvu ielekee gurudumuni. Vumbi haliingii, mvua haiingii, na matunzo yake ni kubadilisha oili isiyozidi robo lita kwa muda uliopangwa.

Gharama yake iko mahali pengine. Ni nzito, ni ghali kutengeneza, na gia za pembe hupoteza nguvu zaidi kuliko cheni safi. Inafaa zaidi injini iliyolala kwa urefu wa pikipiki, kama za BMW na Moto Guzzi; injini iliyokaa kwa upana, kama zilivyo nyingi za bodaboda, huhitaji kuigeuza nguvu mara mbili.

Zamani shafti pia iliinua na kushusha sehemu ya nyuma kila gesi ilipofunguliwa na kufungwa. BMW ilipunguza tatizo hilo mwaka 1987 kwa mkono wa nyuma wenye viungo viwili ulioitwa Paralever. Dawa hiyo ilifaa, lakini iliongeza viungo, na kila kiungo kina bei.

Na shafti si ya milele, ingawa wauzaji hupenda kusema hivyo. Mwaka 2022 BMW iliingiza katika ratiba ya baadhi ya pikipiki zake za injini ya boksa agizo la kubadilisha shafti kila kilomita 60,000 kama tahadhari. Kwa pikipiki ya kilomita 37,440 kwa mwaka, hiyo ni miezi 19.

Tofauti kubwa ni namna zinavyokufa. Cheni hulia, hulegea, na huonekana. Shafti hufa ndani ya ganda, na ikifa haina dawa ya barabarani. Dalili za kutazama ni mafuta yanayovuja kwenye gia za nyuma, gurudumu linalocheza likishikwa kwa mikono miwili, na vipande vya chuma katika oili iliyomwagwa.

Hata hivyo, Afrika Mashariki haikosi shafti. Vyombo vingi vya magurudumu matatu vya kubeba mizigo, ambavyo wengi huviita guta, hutumia shafti na difu nyuma kama gari dogo. Huko inalipa, kwa sababu mzigo ni mkubwa, magurudumu ya nyuma ni mawili, na difu inahitajika ili yazunguke kwa kasi tofauti kwenye kona. Njia inayoonekana kuwa anasa kwenye bodaboda ni ya lazima kwenye mzigo.

Upande wa muuza vipuri

Kwa mwenye duka la vipuri, swali si lipi bora barabarani, bali lipi linazunguka rafuni. Hapa cheni ina ushindi ambao haupingiki kirahisi.

Cheni ya 428 inaingia katika pikipiki za majina mengi. Ikiwa ndefu hukatwa. Mwenye duka anaweza kuweka urefu wachache na kuwahudumia wateja wengi, na mteja huyohuyo hurudi ndani ya miezi. Tarakimu ya kwanza, 4, ni nusu inchi kwa hesabu ya sehemu za nane. Mbili zinazofuata zinahusu upana wa rola. Cheni za 520, 525 na 530 zina hatua ya milimita 15.875 na ni za pikipiki kubwa. Herufi H baada ya 428 huonyesha bamba nene zaidi, zinazofaa mzigo.

Mkanda ni kinyume chake. Kila toleo la pikipiki lina idadi yake ya meno na upana wake. Duka litakaloweka mikanda ya pikipiki 5 tofauti limefunga mtaji katika bidhaa ambayo mteja wake huja mara moja kwa mwaka au zaidi. Vipuri vya shafti navyo, mbali na vya guta, ni vya kuagiza kwa oda, mteja akiwa ametoa malipo ya awali.

Hata hivyo, mzunguko wa haraka usimpe muuzaji kisingizio cha kuuza chuma laini. Wateja wa bodaboda hukaa kijiwe kimoja, na seti inayokufa kabla ya wakati huzungumzwa kijiweni siku hiyohiyo. Muuzaji anayeweka daraja mbili za seti, akamweleza mteja wazi uhai wa kila moja kwa kilomita, hupata faida katika zote mbili na haharibu jina.

Ya kukagua kabla ya kulipa

Kwa anayenunua pikipiki iliyotumika, cheni husema ukweli kuhusu mwendeshaji wa zamani kuliko rangi ya tangi. Mambo yafuatayo hayahitaji fundi:

Kwanza, cheni ivutwe nyuma kwenye sproketi kubwa. Ikiinuka na kuonyesha nusu ya jino, imekwisha.

Pili, zipimwe pingili 20 za cheni ya 428 ikiwa imevutwa. Ikiwa mpya ni milimita 254. Vitabu vya mafundi vya baadhi ya watengenezaji wa Japani huweka kikomo cha milimita 259.

Tatu, gurudumu lizungushwe na ulegevu utazamwe mahali pengi. Ukitofautiana sana, cheni imeliwa bila usawa. Ikazwe kwa kufuata mahali ilipokaza zaidi, na kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki. Cheni iliyokazwa kupita kiasi huua beringi ya giaboksi, ambayo ni ghali kuliko cheni.

Nne, klipu ya pingili ya kuungia itazamwe. Upande uliozibika uelekee mwendo wa cheni. Ikiwekwa kinyume inaweza kuchomoka.

Umeme unakuja na swali lilelile

Pikipiki za umeme zinazoingia katika miji ya Afrika Mashariki hazijaliondoa swali hili. Zile zenye mota ndani ya gurudumu la nyuma hazina cheni, mkanda wala shafti, na mwenye mali anaepuka gharama hiyo yote. Lakini uzito wote wa mota umekaa gurudumuni, na tuta na mashimo yanaupiga moja kwa moja.

Zile zenye mota katikati bado zinahitaji njia ya kufikisha nguvu nyuma. Zero hutumia mkanda katika pikipiki zake nyingi, na skuta ya umeme ya BMW, CE 04, hutumia mkanda pia. Pikipiki nyingine za umeme zina cheni. Anayeonyeshwa hesabu ya kuokoa petroli aulize pia nguvu inafikaje nyuma, kipuri hicho kinauzwa wapi, na kinauzwa na watu wangapi.

Uamuzi

Kwa lami ya mjini, mwendo mrefu na duka la vipuri lililo karibu, mkanda unaweza kulipa. Kwa mzigo mzito wa magurudumu matatu, shafti ina nafasi yake. Kwa pikipiki ya magurudumu mawili inayobeba abiria kwenye vumbi, matope na changarawe, cheni bado ndiyo yenye hesabu nzuri, mradi iwe na kava, itiwe oili safi, na ibadilishwe pamoja na sproketi zake.

Mwenye pikipiki anaweza kuanza wiki hii bila kununua kitu. Aandike kilomita zilizo kwenye mita siku seti mpya inapofungwa, na aziandike tena siku inapotolewa. Seti mbili tu zikishapita, atajua kama fedha yake inaliwa na bidhaa mbaya, barabara, au dereva. Mali bila daftari hupotea bila habari.